Dawa na Mlango Wake

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundishwa kitu, nilifokewa. Nilikuwa nimevaa koti jeupe la kuazima lililonizidi mabega, na Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha Makobola, alikuwa hajanionyesha hata mahali pa kuweka kikapu changu. Mama mmoja akaingia mbio kutoka ufukweni akiwa na mtoto mikononi. Macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka, meno yameumana, mwili unaruka. Degedege.

"Diazepam! Upesi!" Titulaire akasema bila kunitazama.

Nikakimbilia kabati. Kusoma nilijua, na jina nikaliona mara moja. Nikarudi nimejaa fahari, kopo la vidonge mkononi.

"Hii ni nini?"

"Diazepam, Titulaire."

"Huyu mutoto meno yake imefunga. Atameza na nini, na masikio?"

Akanisukuma kando. Akachukua kichupa cha dawa ya sindano, akavuta kiasi anachokijua, akang'oa sindano akabaki na bomba peke yake, kisha akaisukuma dawa ile kwa nyuma, njia ya haja kubwa, akayabana makalio ya mtoto kwa vidole ili isirudi. Mama wa mtoto aliomba Mungu kwa sauti. Mimi nilisimama na kopo langu kama mtu aliyetumwa chumvi akaleta sukari. Tulingoja, na kungoja kule kulikuwa kubaya. Halafu mwili ukalegea, mtoto akavuta pumzi, akalia. Mama yake akakaa chini sakafuni na kulia pamoja naye.

Titulaire alinawa mikono taratibu, hasira zake zimekwisha.

"Sikia, binti. Dawa iko na maulizo mbili. Inafanya nini? Inaingia vipi? Ukijua moja tu, utaua muntu na dawa ya muzuri. Hii diazepam yako ni ile ile yangu minye. Mulango ndiyo ingine."

Maswali yale mawili ndiyo shule yangu. Vyeti vilikuja baadaye.

Swali la kwanza ni la familia. Dawa zina familia kama watu, na asiyejua familia hajui tabia. Kuna antibiotiki, za kuua vijidudu. Hizo hazina kazi na mafua ya kawaida, hata mgonjwa akikulilia. Kuna za homa na maumivu. Kuna za malaria, ambazo Makobola tulizitoa kila siku iendayo kwa Mungu. Kuna za minyoo, za kisukari, za tumbo linalochoma, na kuna za shinikizo la damu, ambazo kila mtu kwetu huziita za presha. Hizi za presha nazo zina koo zao: nyingine hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, nyingine hutuliza moyo, nyingine hulegeza mishipa ya damu. Mnaoanza kazi leo, msicheke mtu anayewaambia "mpe tu ya presha". Mwulizeni ya ukoo gani.

Swali la pili watu hulidharau, na ndilo lililonizeesha. Wavuvi wa Makobola hawakuomba dawa kwa jina wala kwa familia. Waliomba kwa rangi. "Nipe rouge-jaune mbili," yaani zile jelule, kapsuli za nyekundu na njano. Unampa, unadhani anakwenda kumeza, kumbe anafika nje anaifungua kwa meno na kuinyunyiza poda kwenye kidole alichokatwa na ndoano. Titulaire alikuwa akiwakimbiza hadi njiani: "Weye! Kidonda na tumbo ni mulango moja?" Nao walimcheka, wakaendelea. Jelule ni ya kumeza. Pomade, dawa ya kupaka, ni ya ngozi. Matone ya jicho hayaingii sikioni. Poda ya siro, dawa ya maji ya mtoto, huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, huipimi kwa kijiko ikiwa kavu. Ni mambo madogo, na kaburi pia huchimbwa kwa jembe dogo.

Kutoka Makobola nilihamishiwa dipo ya dawa, yaani bohari, ya hospitali, mjini Uvira. Huko mkuu wangu alikuwa Pharmacien, mfamasia mpole asiyepandisha sauti hata supo, dawa za kuingizwa kwa nyuma, zilipoyeyuka zote kwa joto la ziwa siku friji ilipokufa. Alizitazama tu zilivyogeuka mafuta ndani ya makaratasi yake, akasema, "Bon, hizi sasa ni mafuta ya kukaanga," akazifunga ziende kuteketezwa. Ndiye aliyenifundisha vidonge visivyo vya kawaida. Kwetu kidonge ni kinini, na kwa watu wengi kinini ni kinini tu: kikate, kiponde, kitafune. Pharmacien aliweka viwili mezani mbele yangu, vinafanana.

"Hiki ni cha kawaida," akasema. "Hiki kingine kimeandikwa retard. Kimetengenezwa kiachie dawa yake pole pole, saa kwa saa. Ukikiponda, kazi ya nusu siku inaingia mu damu mara moja. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kwa kichwa. Kuelewa kwa tumbo kulikuja miaka mingi baadaye, Kavimvira, na hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Kavimvira ni mpakani. Pharmacie, duka la dawa nililofanyia kazi mwishoni, ilitazamana na vigoda vya wabadilisha fedha, na mkuu wangu tulimwita Gérant, msimamizi wa duka. Alikuwa mtu wa haraka, anayehesabu huku anaongea, lakini moyo wake haukuwa wa biashara peke yake. Mmoja wa wale wabadilisha fedha aliitwa Safari. Mnene, mcheshi, anatania kila mtu, hata askari wa mpakani. Alikuwa amemwoa Rehema wa Nyamianda, na mama wa Rehema, Mama Eliza, alikuwa akikaa nao huko huko kwa sababu ya ugonjwa wa presha. Kila mwezi Safari alileta karatasi ya daktari, nami nilimpa nifedipine retard na kumwambia maneno yale yale: ameze nzima, na maji mengi, asubuhi na jioni.

Siku hiyo mvua ilikuwa imepiga tangu adhuhuri. Safari aliingia amelowa, na utani wote umemtoka.

"Mama Neema, nipe ile ya nguvu. Hii haimusaidie mama mukwe. Akikunywa tu, uso inawaka moto, moyo inakimbia, anaanguka. Asubui banamupima, presha iko juu. Dawa ni kidogo."

"Anaanguka kisha kukunywa, ao mbele?"

"Kisha. Jana alianguka ku mulango."

Nilikuwa nimeshamtolea kartoni ya dawa; nikaiweka mezani. "Anaikunywa vipi?"

"Vipi namna gani?"

"Anameza nzima, ao banamupondea?"

Safari akatazama viatu vyake. Hapa lazima nieleze kwa wasio wa kwetu. Katika nyumba zinazoshika mila, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula pamoja naye, haingii chumba chake, na wakikutana njiani yeye ndiye wa kupisha. Safari, pamoja na kelele zake zote, alikuwa ameishika heshima hiyo kuliko wazee. Walikaa kiwanja kimoja na hakuwahi kumsemesha uso kwa uso.

"Minye nitajua wapi?" akasema. "Naleta dawa, napatia bibi yangu, basi."

"Na ile maneno ninakuambiaka, ya kumeza nzima, Rehema ulimuambia?"

Akakamua maji ya mvua kwenye shati lake.

"Safari."

"Mama, nitaanza aje kusema juu ya kinywa ya mama yake?"

Sikuwa na hasira naye, na hadi leo sina. Heshima ilikuwa imesimama mlangoni kama askari, na maneno yangu ya kila mwezi yalikuwa yakirudishwa hapo hapo. Rehema alipewa dawa bila maneno, naye akafanya kile ambacho binti mwema wa kwetu hufanya mzazi wake akiwa hamezi vizuri: akaiponda.

Gérant alikuwa amesikia yote. Aliirudisha kabatini kartoni niliyoitoa, akaacha kuhesabu.

"Muite bibi yako kwa simu."

"Courant ya umeme iko imekatika tangu asubui. Simu yake imezima," Safari akajibu.

"Jioni banamupa saa ngapi?"

"Kukianza tu giza. Mbele ya kuwasha moto ya chakula."

Sote watatu tukatazama nje. Saa ya jioni ilikuwa bado kabisa, lakini mvua ile ilikuwa imeleta giza lake, na nyumba isiyo na saa hufuata mwanga.

"Enda naye, mama," Gérant akasema. "Duka niko nayo."

Maji yalikuwa yameshuka kutoka milimani na kuikata barabara ya Nyamianda, yamebeba matope na mawe. Madereva wa pikipiki waliegesha chini ya mabati na kutukatalia bila hata kusikia tunaenda wapi. Tukatembea. Safari alinishika mkono mahali penye kina, mimi nimekunja kikwembe hadi magotini, umri wangu huo na adabu zangu zote. Niliogopa, sitaki kusema vingine. Maji niliyazoea. Nilichoogopa ni kidonge kile kidogo ndani ya sahani, na mkono wa binti anayempenda mama yake.

Tulipoingia kiwanjani nilimwona Rehema kwenye kibanda cha jikoni. Alikuwa mjamzito, mimba kubwa ya karibu kujifungua. Mbele yake palikuwa na chupa ya soda aliyopondea kwa kitako na sahani yenye vumbi jeupe, na alikuwa anaisuuza.

"Umeshamupa?"

"Sasa hivi, mama. Mu chai ya sukari. Karibu. Kuko nini?"

Niliingia ndani. Mama Eliza alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri. Aliponiona akainuka, kwa sababu mgeni hasalimiwi na mtu aliyekaa. Nilipiga kelele asiinuke. Alikuwa ameshainuka. Uso wake ulikuwa mwekundu na unang'aa jasho. Akatabasamu, akanyoosha mkono, akaanguka juu yangu.

Tukamlaza chini, nikamwekea miguu juu ya kigoda ili damu irudi kichwani. Niliutafuta mshipa wa mkononi. Ulikuwa unakimbia, mwembamba, unapotea chini ya kidole. Rehema alianza kulia.

"Dada, tangu lini unaponda?"

"Tangu koo yake ilianza kukwama. Anasikia haya, hataki batu bajue. Alisema hata daktari nisimuambie."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, na pale chumbani nilikiona kifo kikija kuumbua. Kituo cha afya kilikuwa juu ya mtaa, mahali ambapo maji hayafiki. Alihitaji serumu, maji ya dripu, kwenye mshipa na mtu wa kumpima kila mara. Wanaume wa jirani wote walikuwa wamekwenda na majembe kugeuza maji yasiingie nyumba za chini. Rehema na mimba ile hawezi. Mimi na magoti yangu, mlango tu ungenishinda. Mwanamume alikuwa mmoja, naye amesimama uani kwenye mvua, ametazama ukuta wa jirani.

"Safari, ingia!"

"Mama, siwezi."

"Ingia umubebe!"

"Atakufa na haya!"

"Atakufa na presha mbele ya haya! Unataka kumuheshimu ku kaburi?"

Rehema alikuwa ameacha kulia, anautazama mlango. Mimi kidole changu kilikuwa kwenye mshipa, na mara mbili nilidhani umekwisha. Kisha mlango ukafunikwa na mgongo. Safari aliingia kinyumenyume. Alirudi hatua kwa hatua, uso wake kwa mvua, mikono nyuma inapapasa hewa, mpaka visigino vyake vikagusa mkeka. Akachuchumaa.

"Mumuweke," akasema.

Tukamweka mgongoni kwake, tukamfunga kwa vikwembe viwili, jinsi tunavyofunga mtoto. Nilijua mtu wa namna ile hafai kubebwa wima. Damu ingeshuka miguuni. Nikampiga Safari begani.

"Inama! Kichwa yake ikuwe chini! Inama zaidi!"

Akainama mpaka mgongo wake ukawa kama meza, akatoka hivyo, anapanda mtaa wa matope kama mchukuzi wa gunia la makaa. Mimi nyuma nimekishika kichwa cha mama. Rehema alikuwa ananifuata, mkono chini ya tumbo. Katikati ya kilima nikasikia sauti ya Mama Eliza, ndogo sana.

"Ni nani ananibeba?"

Safari alisimama, anahema, uso unakaribia kugusa matope.

"Ni minye, mama. Safari."

Mvua ikanyesha juu yetu. Nilingoja aseme ashushwe.

"Usiniangushe," akasema.

Hakumwangusha. Daktari wa zamu, ndiye yule mwandishi wa karatasi za kila mwezi, alimpa serumu, akampima, akampima tena, na kulipokucha Mama Eliza aliomba uji. Nilimweleza daktari habari ya koo. Akaliangalia, akambadilishia kwa dawa ya kawaida isiyo retard, inayoweza kupondwa bila hatari, na akampa siku ya kurudi ili koo lenyewe litafutiwe sababu. Kabla hajatoka aliniambia, "Mama, minye pia sikumuuliza." Lilikuwa neno la mtu mkubwa, na nilimheshimu kwa hilo.

Lakini mambo ya kwetu hayaishii hospitalini. Wazee wa upande wa Rehema walikaa, wakasema mkwe amemgusa mama mkwe, alete mbuzi ili haya isafishwe. Safari alikuwa tayari kumtafuta mbuzi. Mama Eliza aliisikia habari hiyo kitandani, akawaita wote dirishani.

"Mbuzi ya nini? Minye nilibeba hawa batoto bote mugongoni. Nani aliniletea hata kuku?"

Kikao kikavunjika kwa kicheko. Tangu siku hiyo Safari aliendelea kumgeuzia mama mkwe mgongo, kama mila inavyotaka, lakini kila jioni alisimama nje ya dirisha na kuuliza: "Mama, dawa imeingia vizuri?" Naye alikuwa akijibu, "Imeingia, mwanangu." Mtoto alipozaliwa, Mama Eliza ndiye aliyempa jina.

Mimi nilistaafu miguu ilipoanza kuvimba kwa kusimama. Gérant aliniaga kwa soda na hotuba fupi, akarudi kuhesabu. Titulaire alikwisha kufa. Pharmacien sijui aliko. Wanaoanza kazi huja kwangu Nyamianda kuuliza habari za zamani, nami huwapa maswali yangu mawili. Wengi wanalijua la kwanza vizuri kuliko nilivyolijua mimi, wana familia za dawa ambazo hata sizitamki. La pili wanaliandika haraka ili waende. Ningependa wakae nalo. Mgonjwa ana kinywa, ana koo, ana haya, ana mkwe, na dawa inapita katikati ya hayo yote.

Nami sasa nisikilizeni vizuri, maana hili sikumwambia mtu.

Mimi pia nina presha. Mkwe wangu Imani, mwalimu, ndiye huniletea dawa, ile ile ya retard, na huiacha kwenye kigoda nje ya mlango, amegeuka. Tangu mvua zilizopita koo langu limekuwa linakwama. Kuponda siwezi; ningepondaje, mimi? Kumeza siwezi. Na kusema, mimi Mama Neema niliyefokea nusu ya Uvira, niliona haya. Kwa hiyo kila asubuhi nilikitia kidonge kinywani, binti yangu akiona, halafu nikakitema na kukifunga kwenye pindo la kikwembe. Kichwa kiliniuma, macho yaliona ukungu, nikawaambia ni uzee.

Juzi Imani alikuja. Aliweka dawa kwenye kigoda, na hakuondoka. Nilikiona kivuli chake mlangoni, kimesimama.

"Mama," akasema, uso wake kwa barabara. "Munisamehe. Hii dawa, munaikunywa vipi?"

Nilikuwa na jibu tayari: nzima, na maji mengi. Nimelisema maisha yangu yote. Nikafungua kinywa nilitoe, na kilichonijia ni mgongo wa Safari ukipanda kilima.

"Siikunywi, mwanangu," nikasema. "Inakwama."

Hakugeuka. Alirudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono wake kinyume, kiganja wazi, ndani ya chumba changu. Nikafungua fundo la kikwembe. Vidonge vyote nilivyovificha nikavimwaga mkononi mwake.